Badiliko Dogo la Joto Katika Maji Marefu

Joto la maji marefu hubadilika polepole, na kwa kiasi kidogo hivi kwamba kipimo kibovu huweza kulificha badiliko lote. Njia ya misafara ya Tabora ina mfano wa hilo. Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke waliondoka Kazeh, karibu na Tabora ya leo, Desemba 1857, wakiwa na msaidizi wao Sidi Mubarak Bombay, wakafika Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, Februari 1858. Ili kujua ziwa hilo liko juu kiasi gani, walichemsha maji na kutumbukiza kipimajoto, kwani kadiri mahali palivyoinuka ndivyo maji yanavyowahi kuchemka. Walipata futi 1,844, yaani mita 560 hivi. Kumbe ziwa liko mita 770 hivi juu ya bahari. Kosa kubwa kiasi hicho hutokea kipimajoto kikikosea kwa chini ya nyuzi moja ya Selsiasi.

Kwa kipimajoto cha namna hiyo, kuongezeka kwa joto la ziwa lenyewe kusingeonekana. Mwaka 2003 watafiti, miongoni mwao Piet Verburg na Catherine O'Reilly, walilinganisha vipimo vipya na vya mwanzoni mwa karne ya 20. Katika kina cha mita 600, ongezeko halikufika hata nusu nyuzi. Lakini maji ya juu yamepata joto zaidi, yakawa mepesi zaidi, na pepo za kusini-mashariki, zinazovuma Mei hadi Septemba, zinapata taabu kuyachanganya na ya chini yenye virutubisho. Mwani hupungua, na dagaa na migebuka huishi kwa mnyororo wa chakula unaoanzia kwenye mwani huo. Timu ya O'Reilly ilikadiria kwamba uzalishaji wa mwani ulishuka kwa asilimia 20 hivi, na kwamba samaki huenda wakapungua kwa asilimia 30. Kwa watu wa Kigoma, kando ya ziwa hilo, hilo ni suala la chakula cha kila siku.

Ziwani kipimajoto hushushwa kwa kamba. Bahari ni pana mno kwa kazi hiyo, ndipo sauti inapofaa. Majini sauti hukimbia mita 1,500 hivi kwa sekunde, na katika maji ya bahari kila nyuzi moja ya joto huiongezea mita 4 hivi. Anayejua umbali na muda wa safari hupata wastani wa joto la njia nzima. Mwaka 1991 milio iliyopigwa karibu na kisiwa cha Heard, kusini mwa Bahari ya Hindi, ilisikika hadi pwani za Marekani.

Baadaye ilionekana kwamba hata mitambo ya kupiga milio si lazima. Matetemeko ya ardhi karibu na kisiwa cha Nias, Sumatra, hujirudia mahali palepale, na mngurumo wake hupita majini na kufika kisiwa cha Diego Garcia, karibu kilomita 2,900 kutoka hapo, baada ya nusu saa na ushee. Mtafiti Wenbo Wu na wenzake walilinganisha matetemeko pacha ya 2005 hadi 2016. Sauti ya tetemeko la baadaye ilikuwa ikiwahi kwa sehemu ndogo ya sekunde, na hesabu ikaonyesha ongezeko la joto la nyuzi 0.044 kwa kila muongo. Rekodi za zamani za matetemeko, zilizowekwa kwa kazi nyingine kabisa, zinaweza kupimwa vivyo hivyo.