Mtoto mchanga hukesha? Usimtilie jiko chumbani

Je, mtoto wako mchanga hulala fofofo mchana, kisha giza likiingia huanza kulia? Wazazi wengi wa Kitengela na Kajiado, hasa wale wanaodamka alfajiri kuwahi matatu ya Nairobi, hushikwa na wasiwasi. Jirani naye huongeza: “Maziwa yako hayamtoshi huyo. Mpe ya ng’ombe.”

Usimsikilize. Mtoto mchanga hulala jumla ya saa 14 hadi 17 kwa siku, lakini kwa vipindi vifupi vya saa mbili hadi nne. Tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama husagika upesi, hivyo hunyonya mara 8 hadi 12, usiku na mchana. Isitoshe, ile saa ya mwili inayotutenganishia usiku na mchana bado haijakomaa. Huanza kushika mkondo anapofikisha miezi miwili au mitatu hivi.

Unaweza kumsaidia. Mchana fungua pazia na uzungumze naye. Usiku punguza mwangaza, mnyonyeshe na umbadilishe nepi kimya kimya. Usimpe maziwa ya ng’ombe, uji wala maji ya sukari. Hadi atimize miezi 6, maziwa ya mama yanatosha.

Hatari haiko katika kuamka kwake, bali katika njia tunazotumia ili alale. Baridi ya Juni na Julai ni kali katika nyanda hizi, na wengine huingiza jiko la makaa chumbani. Hewa ya sumu itokayo kwenye makaa haina harufu, na huweza kuua familia nzima usingizini. Mvalishe mtoto nguo za joto badala yake. Usimfunike uso kwa blanketi, wala usimlaze kifudifudi. Mlaze chali, bila mto. Uingereza ilipoanza kuwahimiza wazazi hivyo mwaka 1991, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu.

Wa kuogopewa zaidi ni mtoto anayelala mno. Akikataa kunyonya, akilegea, akiwa moto au baridi kupita kiasi, au akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, usingoje kupambazuke. Mkimbize hospitali ya Kitengela au ile ya rufaa mjini Kajiado usiku huo huo.

Lakini yule anayekuamsha saa nane za usiku akitaka ziwa, akashiba na kulala tena, huyo ni mzima.