Nyoka Anaposhindwa Kujivua Gamba

Katika miji ya Gitega na Muyinga, nchini Burundi, miezi ya Juni hadi Septemba ni miezi ya vumbi. Mvua hukatika, majani ya migomba hukauka, midomo ya watoto hupasuka, na akina mama hawaachi kuchovya kidole katika kopo la mafuta ya ngozi. Miji hiyo imejengwa juu ya vilima, kiasi cha mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huko wakati wa kiangazi ni kavu mchana na baridi usiku. Ndiyo miezi ambayo mtu afugaye nyoka aweza kumkuta mnyama wake amelala sandukuni kama aliyevaa matambara: vipande vya ngozi kuukuu vimeng'ang'ania mgongoni, ncha ya mkia imebanwa kama kwa pete, na macho yana ukungu usioondoka.

Ni kweli kwamba wafugaji wa namna hiyo ni wachache. Watu wengi humwua nyoka kwanza, kisha ndipo huuliza alikuwa nyoka gani. Lakini kumtunza nyoka si jambo geni katika sehemu hizi za Afrika. Usukumani, kusini ya Ziwa Viktoria, chama cha wachezaji nyoka waitwao Bayeye kinajulikana kwa kufuga chatu na kucheza nao ngomani. Mjini Bujumbura, Musée Vivant, makumbusho ya wanyama hai yaliyoanzishwa mwaka 1977, yamekuwa na nyoka miongoni mwa wanyama wake.

Kwa nyumbani, anayestahili kufikiriwa ni yule nyoka wa nyumba, mdogo, wa rangi ya kahawia, asiye na sumu, ambaye chakula chake ni panya walewale wanaomaliza maharagwe ghalani. Chatu ni habari nyingine. Hukua kupita mita 4, na hapana ruhusa ya kumtoa katika hifadhi ya taifa kama ile ya Ruvubu, iliyo jirani na Muyinga. Tena wako nyoka wa kahawia na weusi wenye sumu kali wanaofanana na huyo mpole machoni pa asiyejua. Nyoka asiyetambuliwa kwa hakika na mjuzi haguswi hata kidogo, awe mgonjwa au mzima.

Mwaka 2011 maneno "kujivua gamba" yalivuma sana katika siasa za Tanzania, na aliyeyasikia aliweza kudhani kwamba ni jambo la siku moja. Kwa nyoka mwenyewe ni kazi ya wiki moja hadi mbili. Ngozi mpya hujengeka chini ya ile ya zamani, na majimaji hujaa katikati ili kuzitenganisha. Wakati huo rangi hufifia, na macho huwa na weupe wa samawati kama maziwa yaliyotiwa maji mengi. Nyoka haoni vizuri, huwa mkali, na mara nyingi hukataa chakula. Heri asilishwe wala kushikwashikwa. Baada ya siku kadhaa macho hung'aa tena, na siku chache baadaye husugua pua yake penye jiwe, ngozi ikapasuka midomoni, naye akatoka akiiacha nyuma imepinduka ndani nje kama soksi.

Hewa ikiwa kavu, yale majimaji hukauka kabla kazi haijaisha, na ngozi hugandama. Sababu nyingine zipo, kama vile utitiri, makovu, ugonjwa, lishe duni au kukosa kitu cha kujisugulia, lakini katika kiangazi cha vilimani ukavu ndio wa kushukiwa kwanza.

Hapa ndipo mkono wenye haraka unapofanya madhara. Mtu huona kipande kinaning'inia, akakivuta. Ngozi mpya iliyo chini bado ni laini. Ikichanika, huachwa kidonda kinachoingiwa na wadudu wa maradhi. Wengine hupaka mawese. Mafuta hayo hung'arisha juu tu, wala hayapeleki maji panapotakiwa maji.

Dawa ya kwanza ni beseni. Yatiwe maji ya vuguvugu, nyuzi 28 hadi 30, ambayo yakipimwa kwa kiwiko, kama mama apimavyo ya kumwogesha mtoto, hayachomi wala hayatii baridi. Kina chake kisizidi unene wa nyoka, ili aweze kupumzisha kichwa juu ya maji bila kuogelea. Beseni lifunikwe kwa kitu chenye matundu, na mtu abaki hapo hapo muda wa nusu saa. Kisha nyoka apitishwe polepole katika taulo lenye unyevu lililokunjwa mkononi, ajivute mwenyewe. Msuguano wa nguo huvua kilicho tayari kuvuliwa. Kilichobaki kingojee kesho, na beseni lirudiwe.

Ncha ya mkia itazamwe kwa makini kuliko mwili wote. Pete ya ngozi ikibaki pale hukaza inapokauka, damu haifiki, na ncha hufa ikakatika. Hiyo hairuhusiwi kungoja gamba lijalo. Ilowekwe kila siku hadi itoke, na ikikataa aitwe daktari wa mifugo.

Jicho ni kinyume chake. Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na kigamba kiangavu, nacho hutoka pamoja na ngozi kuukuu. Kikibaki, hapana kucha, wala kibano, wala sindano. Aliyevuta kigamba kisicho tayari ameng'oa na kile kipya, na nyoka aweza kupofuka. Aendelee kulowekwa na kuwekewa unyevu. Mara nyingi kigamba hutoka na gamba linalofuata. Ikiwa vimekusanyika viwili au zaidi, hiyo ni kazi ya daktari.

Katika sanduku liwemo bakuli la maji la kumtosha nyoka kuingia mwili wote, jiwe lenye mikwaruzo, na mkebe wenye tundu, uliotandikwa kitambaa chenye unyevu, wa kujifichia macho yanapoanza kufifia. Jiko la makaa, linalowashwa sana katika baridi ya Julai, likae mbali, kwa maana hukausha hewa, na moshi wake haumfai nyoka wala watu. Kila aliyemshika nyoka anawe mikono kwa sabuni, na watoto wa chini ya miaka 5 wasimguse, kwa sababu nyoka aonekanaye mzima aweza kubeba vijidudu vya kuhara.

Gamba likishatoka lisitupwe upesi. Lilowekwe kidogo, linyooshwe mezani juu ya gazeti kuukuu, litazamwe kutoka kichwani. Vigamba viwili vya macho vionekane, vimezunguka na kuangaza kama vioo vya saa, na upande wa pili ncha ya mkia iwe imechongoka, haikukatika.