Baba Yuko Safarini: Afya na Usalama wa Dereva wa Lori

Kama unaishi Ilula, Mafinga, Igurusi, Uyole au Mbalizi, huhitaji kuelezwa malori ni nini. Usiku kucha unayasikia yakivuta mlima, na asubuhi unayakuta yamepanga foleni kwenye mizani. Katika jumuiya zetu ndogondogo hazikosekani nyumba ambazo baba, kijana au mkwe ni dereva au utingo. Mwezi huu tunapenda kuzungumza na nyumba hizo. Nyumba nyingine nazo zisigeuze ukurasa, kwa maana barabara tunaitumia sote.

Barabara hii ya Tanzania na Zambia ina urefu wa zaidi ya kilometa 900 kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma. Wazee wanakumbuka ilivyokuwa baada ya mwaka 1965, Ian Smith alipojitangazia uhuru kule Rhodesia na Zambia ikabanwa njia ya kusini. Malori yalipeleka mafuta Zambia na kurudi na shaba, kwa njia ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika. Wageni waliibatiza njia ya jehanamu, na madereva wengi walipoteza maisha humo. Lami ilikuja, kisha reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976, lakini mzigo mkubwa umebaki kwa malori. Leo yanafika Lusaka, Ndola na hata Lubumbashi, na lori moja lenye tela huruhusiwa kufikia tani 56 pamoja na mzigo wake.

Tuanze na usingizi, kwa sababu ndio adui anayedharauliwa kuliko wote. Dereva aliyekunywa pombe kila mtu atamlaumu. Dereva asiyelala siku mbili, watu humsifu kuwa ni mchapakazi. Wataalamu wamepima jambo hili: mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya makosa kama mtu aliyelewa kiasi. Yaani aliyeamka saa 11 alfajiri, ifikapo saa 4 usiku mwili wake umeshalewa bila kuonja kitu. Akiendelea mpaka kutimiza saa 24, hali yake ni ya mlevi kamili. Mwili nao una saa zake. Kati ya saa 8 usiku na saa 11 alfajiri, usingizi humvuta hata aliyepumzika, na tena alasiri, hasa baada ya kula ugali wa kushiba.

Usingizi wa barabarani hauji kama ule wa kitandani. Macho yanaweza kuwa wazi huku ubongo umezimika kwa sekunde tatu au nne. Lori linalokwenda kilometa 80 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa kwa magari makubwa, hupita karibu meta 90 katika sekunde nne hizo. Huo ni urefu unaokaribia uwanja wa mpira, na usukani hauna mtu. Dalili zake madereva wanazijua: kupiga miayo mfululizo, kutokumbuka kijiji ulichopita, tairi kugusa kando ya lami, shingo kudondoka. Ukizipata, kufungua dirisha, kupandisha redio au kutafuna karanga hakusaidii ila kwa dakika chache. Mirungi ndiyo mbaya zaidi. Mbali na kukatazwa na sheria za nchi, humdanganya mtu kuwa ana nguvu, kisha ikiisha humwangusha ghafla. Dawa ya usingizi ni kulala. Dakika 20 hadi 30 mahali salama, gari likiwa nje kabisa ya barabara, humrudisha mtu katika akili yake kwa muda. Kahawa yafaa ikinywewa kabla ya kulala huko kufupi, kwa kuwa huanza kufanya kazi wakati unapoamka. Lakini deni la usiku mzima hulipwa kwa usiku mzima.

Hapa tuna neno kwa akina mama. Kuna mtu ambaye analala saa nane na bado anasinzia mchana. Akilala anakoroma kwa nguvu, kisha ananyamaza kabisa kama amekata pumzi, halafu anashtuka na kuvuta hewa. Huo ni ugonjwa, koo hujifunga usingizini, na huwapata sana watu wanene wenye shingo nene. Mwenyewe hawezi kujua kwa kuwa amelala. Ni mke anayeweza kujua. Mama, usilichukulie kuwa jambo la kuchekesha. Mwambie, na aende hospitali akaeleze hivyo hivyo.

Sasa mteremko. Mkoa wa Iringa una Kitonga, Mbeya ina Inyala na Iwambi inayoshuka kwenda Mbalizi. Majina haya hayasikiki redioni kwa habari njema. Watu husema “breki zilikatika”, lakini mara nyingi breki haikukatika, ilichemka. Dereva anayeshuka huku amekanyaga breki muda wote anageuza uzito wa tani nyingi kuwa joto. Joto likizidi, bitana za breki hazishiki tena hata ukikanyaga kwa miguu miwili. Na zile breki za upepo, ukizikanyaga na kuziachia mara kwa mara, upepo kwenye matangi hupungua kuliko mashine inavyoweza kuujaza. Harufu ya kuungua ni onyo la mwisho mwisho.

Ndiyo maana madereva wa zamani hufundisha utingo wao kwamba gia inayokupandisha mlima ndiyo inayokushusha. Huingizwa juu, kabla mteremko haujaanza, na injini ndiyo inayolizuia gari. Breki ni ya kusaidia tu. Kuna wengine hushuka na gia huru, wao huita fri, wakidhani wanaokoa dizeli. Kwa injini za siku hizi hesabu hiyo ni batili kabisa. Gari likishuka ndani ya gia bila kukanyaga mafuta, injini hukata dizeli; likiwa fri, injini huendelea kunywa ili isizimike. Kwa hiyo huyo anayehatarisha roho yake na za watu wa Mbalizi hapati hata hicho kibaba anachokitafuta. Tunasema hivi kwa ukali kidogo kwa sababu wanaokuwa chini ya mteremko ni wauza ndizi, abiria wa daladala na watoto wanaotoka shule.

Tukumbuke pia tarehe 11 Machi 2015 pale Changarawe, Mafinga. Basi lililotoka Mbeya liligongana na lori, kontena likaangukia basi, na watu zaidi ya 40 wakafa. Kontena si sehemu ya gari. Linashikiliwa na kufuli za pembeni, na dereva asiyezikagua kila anaposimama, abiria wa magari mengine ndio watakaolipa. Nawe abiria, dereva wa basi anapolipita lori kwenye kona za Kitonga, usikae kimya ukisali tu. Sema. Abiria kumi wakisema pamoja, dereva husikia.

Lori likiharibika usiku, desturi yetu ni kutupa matawi ya miti barabarani. Si desturi mbaya, tena imeokoa wengi, ila matawi hayang'ai kwenye ukungu wa Makambako. Pembetatu zenye kung'aa ziwekwe mbali nyuma na mbele ya gari, na kwenye kona ziwekwe kabla ya kona, si ndani yake. Vigingi viwekwe kwenye tairi. Utingo asilale chini ya tela, hata kama ni mahali pakavu peke yake.

Jambo linalotuhuzunisha zaidi ni tanka la mafuta linapopinduka. Tarehe 10 Agosti 2019, hapo Morogoro, watu walikimbilia kuchota petroli na moto ukawakuta. Waliokufa walipita 100. Mvuke wa petroli hauonekani, ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujaa mitaroni. Pikipiki inayowashwa, sigara, betri inayong'olewa, chochote kati ya hivyo chatosha. Wazazi, waambieni watoto leo, kabla tanka halijapinduka karibu na kijiji chenu: tanka likianguka, tunakimbia kuelekea upepo unakotoka, na ndoo inabaki nyumbani. Anayetaka kusaidia apige simu namba 112 na kuwazuia wengine wasisogee.

Kuna kifo kingine cha kimya kimya. Mwezi Juni na Julai, Mafinga na Makambako baridi ni kali, na dereva au utingo huingiza jiko la mkaa ndani ya kabini, hufunga vioo na kulala. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Kichwa huuma, mtu hulegea, hulala, haamki. Tafadhali msidhani hili ni la madereva peke yao. Majumbani mwetu huku nyanda za juu, mama aliyejifungua huwekewa jiko chumbani ili mtoto apate joto, na madirisha yanazibwa kwa vitambaa. Ni sumu ile ile. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, na mtoto apate joto kwa blanketi na mwili wa mama yake.

Kuhusu mwili wenyewe tutasema kwa kifupi. Kukaa kutwa nzima huleta maumivu ya mgongo, bawasiri na uvimbe wa miguu. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu huenda damu imeganda ndani, asicheleweshwe. Kubana mkojo na kukataa maji ili asisimame njiani huumiza figo. Chakula cha njiani, chipsi na soda, huongeza unene na kisukari. Shinikizo la damu halina dalili kwa miaka mingi: kipimo kikifika 140 kwa 90 au zaidi, tena kikirudiwa siku nyingine, aanze matibabu. Dereva anayetumia dawa za kisukari asiendeshe na njaa, maana sukari ikishuka atapoteza fahamu mbele ya usukani.

Tusiwe waoga kuzungumzia UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulionyesha kiwango cha maambukizi kwa watu wazima ni asilimia 4.4 nchini, lakini Njombe 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Tangu zamani kidole kimekuwa kikielekezwa kwa madereva, na ni kweli kwamba miaka ya 1990 AMREF ilipeleka elimu ya rika kwenye vituo vya malori vya barabara hii. Kwa maoni yetu kidole hicho kimefanya kazi nusu tu. Mei 2020 vilevile, wakati wa korona, Zambia ilipofunga mpaka wa Nakonde kwa muda, dereva wa lori alitazamwa kama ugonjwa unaotembea. Mwanamume hulala siku nyingi Tunduma akisubiri karatasi, hana pa kuoga, hana wa kuzungumza naye, na posho iko mfukoni. Tajiri anayefupisha foleni, au anayempa dereva wake siku za kukaa na mkewe, huenda anafanya zaidi ya matangazo mengi. Uaminifu katika ndoa unahitaji pia ratiba.

Kilichobadilika ni tiba. Aliyeambukizwa akimeza dawa kila siku hadi virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa, na mama akitibiwa vizuri aweza kuzaa mtoto mzima. Hivyo hakuna sababu ya baba kupima kwa siri na mama kwa siri. Pimeni pamoja, siku ambayo lori liko gereji.

Kwa dereva aliye kwenye dawa, taabu kubwa ni kuishiwa akiwa Zambia au Kongo. Amweleze mhudumu wa kliniki kazi yake waziwazi. Mgonjwa aliyetulia huweza kupewa dawa za miezi mitatu au hata sita. Azibebe ndani ya begi lake. Juu ya dashibodi jua huzichoma. Dozi za wiki mbili zaidi zikae mahali pengine garini kwa ajili ya siku za foleni, na kadi ya kliniki iwe pamoja na leseni. Nyumbani, mke awe na namba ya simu ya tajiri na ya utingo. Anapotaka kumpigia mumewe, ampigie utingo kwanza, aulize kama gari limesimama.