Hisabati Ndani ya Kozi ya Masoko: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuchagua

Matokeo ya KCSE yanapotangazwa, maelfu ya vijana huanza kutafuta kozi. Wengi ambao hawakufanya vizuri katika hisabati huelekezwa kwenye Usimamizi wa Masoko, kwa dhana kwamba hiyo ni kozi ya wasemaji hodari na haina hesabu. Dhana hiyo huwagharimu baadhi yao muda na karo. Kozi hii ina hesabu tangu mwanzo, ingawa ni hesabu ambayo mtu yeyote aliyemaliza kidato cha nne anaweza kuimudu akijitolea.

Philip Kotler, profesa Mmarekani ambaye kitabu chake Marketing Management kilitoka mara ya kwanza mwaka 1967 na bado kinasomwa vyuoni, alisomea uchumi kisha akaendelea na masomo ya hisabati katika Chuo Kikuu cha Harvard. Somo lenyewe hujengwa juu ya nguzo nne: bidhaa, bei, mahali pa kuuzia na namna ya kuitangaza. Kila nguzo ina hesabu yake.

Uwiano: bei ya kilo

Mfano ulio karibu ni viazi vya Kieni. Tuseme mkulima anauza gunia la lumbesi lenye kilo 120 kwa Sh 3,000. Bei hiyo ni Sh 25 kwa kilo. Jirani yake anauza mifuko ya kilo 50 kwa Sh 1,500, yaani Sh 30 kwa kilo. Kwa bei ya jirani, zile kilo 120 zingeleta Sh 3,600. Mkulima wa lumbesi amepoteza Sh 600 kwa kila gunia, na kwa magunia 10 amepoteza Sh 6,000. Kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa mfuko. Anayeweza kugawanya bei kwa uzito huona mwenyewe faida ya kikomo hicho.

Asilimia: kupandisha na kupunguza

Mfanyabiashara wa soko la Karatina ananunua bidhaa kwa Sh 80, anaongeza asilimia 25, na kuuza kwa Sh 100. Biashara ikipoa, anatangaza punguzo la asilimia 25 akidhani amerudi alipoanzia. Lakini asilimia 25 ya 100 ni 25, kwa hiyo sasa anauza kwa Sh 75 na kupata hasara ya Sh 5 kwa kila kimoja. Ili asipate hasara, punguzo lisingezidi asilimia 20. Hii ni mada ya mwanzo kabisa katika hisabati ya biashara.

Mlinganyo: je, tangazo litajilipa?

Kikundi cha vijana kinatengeneza yogati. Kila mwezi kinalipa kodi ya Sh 12,000 na mshahara wa Sh 18,000, jumla Sh 30,000, iwe kimeuza au hakikuuza. Chupa moja inagharimu Sh 45 kutengeneza na inauzwa Sh 70, hivyo kila chupa inaacha Sh 25. Gawanya 30,000 kwa 25: lazima ziuzwe chupa 1,200 kwa mwezi kabla ya kuona faida hata ya shilingi moja. Kikundi kikitaka kulipia tangazo la redio la Sh 5,000, swali ni kama tangazo hilo litaleta mauzo ya chupa 200 zaidi. Hesabu hii inapaswa kufanywa kabla ya pesa kutoka.

Takwimu nazo zimo. Anayewahoji wateja 20 wa kibanda kimoja hawezi kudai kwamba anajua matakwa ya Nyeri nzima. Mwanafunzi hufundishwa kuchagua watu wa kuhoji, kutafuta wastani na kusoma jedwali.

Alama na mahali pa kusomea

Kwa jumla, shahada huhitaji alama ya wastani ya C+ katika KCSE, stashahada C-, na cheti D. Baadhi ya kozi, hasa Shahada ya Biashara, hudai pia alama fulani katika somo la hisabati lenyewe, na kila chuo huweka sharti lake. Sharti hilo lisomwe kwenye tovuti ya KUCCPS kabla ya kutuma maombi.

Kozi za biashara hutolewa katika Nyeri National Polytechnic, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi na Chuo Kikuu cha Karatina. Taasisi hizi ziko chini ya Serikali ya Kitaifa. Serikali ya Kaunti, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, husimamia vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo ni mlango mwingine kwa kijana ambaye alama zake hazikufika.

Kabla ya kulipa karo, mzazi na mwanafunzi wanashauriwa:

• Kuuliza kama chuo kimesajiliwa na TVETA, na kama kozi yenyewe imeidhinishwa. Chuo halali hakitasita kuonyesha cheti chake.

• Kuomba orodha ya masomo ya kila muhula na kutazama yale ya hisabati, takwimu na uhasibu.

• Kuuliza kama chuo kina masomo ya kuimarisha hisabati kwa wanaoanza wakiwa dhaifu, na kama yanalipiwa zaidi.

• Kutuma maombi ya mkopo wa HELB mapema. Wanaohitaji usaidizi wanaweza kufika katika Kituo cha Huduma mjini Nyeri wakiwa na kitambulisho.

Kijana ambaye bado ana shaka anaweza kujipima nyumbani. Achukue mifano mitatu iliyo hapo juu, abadilishe tarakimu, kisha aifanye upya bila kutazama majibu. Akiiweza, hesabu za muhula wa kwanza hazitamtisha. Akikwama, amwendee mwalimu wake wa zamani wa hisabati sasa, kabla ya siku ya kuripoti chuoni.