Anwani za Vidhibiti Mitambo na Namna ya Kutafuta Hitilafu Zake

Kidhibiti mitambo ni kompyuta ndogo iliyoundwa kwa kazi za kiwandani: kusoma vipimo vya joto, kanieneo na kina, kuvilinganisha na maagizo kiliyopewa, kisha kufungua au kufunga vali na kuwasha au kuzima mota. Katika viwanda vya siku hizi vidhibiti hivi huunganishwa kwa mtandao ili vipeane vipimo na kupeleka habari katika chumba cha waendeshaji. Ili ujumbe ufike unakokusudiwa, kila kifaa sharti kiwe na anwani yake, kama vile barua ihitajivyo namba ya sanduku la posta. Anwani ikikosewa, mtambo waweza kuwa mzima kabisa na bado usisikike. Lililo baya zaidi ni kwamba agizo la kufungua vali laweza kupokelewa na kifaa kisichohusika.

Mwaka 1979 kampuni ya Modicon ya Marekani ilitoa kanuni za mawasiliano ziitwazo Modbus, ambazo humpa kila mpokeaji aliye kwenye waya namba moja kati ya 1 na 247. Baadaye viwanda vingi vilianza kutumia mtandao wa Ethernet pamoja na anwani za aina iliyowekewa kanuni mwaka 1981, ambazo hutumika pia katika intaneti. Anwani hiyo ni namba nne, kila moja kati ya 0 na 255, kwa mfano 192.168.1.5.

Mtaa na nyumba

Anwani huandamana na namba nyingine ambayo hapa tutaiita kigawanyio. Kazi yake ni kuonyesha ni sehemu ipi ya anwani inayotaja mtaa, na ni ipi inayotaja nyumba. Kigawanyio kikiwa 255.255.255.0, namba tatu za kwanza ni mtaa na ya nne ni nyumba. Mtaa huo una nafasi za nyumba 254, kwa kuwa 0 ni jina la mtaa wenyewe, na 255 ni ya tangazo la wote. Vifaa vya mtaa mmoja huzungumza moja kwa moja. Vya mitaa tofauti havina budi kupitia kifaa kiitwacho lango.

Tuchukue mfano. Kompyuta ya mwendeshaji ni 192.168.1.20, na kidhibiti cha tangi ni 192.168.1.5. Fundi amekiwekea kidhibiti kigawanyio 255.255.255.240 kwa makosa. Kwa hesabu ya kidhibiti, mtaa wake sasa unaanzia 0 na kuishia 15. Hivyo namba 20 iko nje. Swali la kompyuta hukifikia, lakini jibu hutafuta lango, na pasipo lango hupotea. Wakati huo huo kidhibiti huzungumza vizuri na jirani zake wa namba 1 hadi 14. Fundi asiyejua jambo hili atabadilisha nyaya siku nzima bila mafanikio.

Utaratibu wa uchunguzi

Kwanza, tazama taa ndogo penye tundu la kebo. Zikiwa zimezimika, shida ni ya waya au swichi, wala si ya anwani.

Pili, hakikisha kwamba kompyuta unayoitumia ina anwani ya mtaa ule ule wa kidhibiti. Kisha piga hodi kwa amri ya ping. Kidhibiti kisipoitika, tumia amri ya arp -a, ambayo huonyesha anwani ya maunzi, yaani ile ambayo kifaa hupewa na mtengenezaji. Anwani ya maunzi ikionekana ilhali hodi haijibiwi, mara nyingi kosa ni la kigawanyio au lango.

Tatu, chunguza kama vifaa viwili vimepewa anwani moja. Dalili yake ni mawasiliano yanayokuja na kupotea. Jambo hili hutokea kwa urahisi, kwa kuwa anwani zinazoanza na 192.168 zilitengwa mwaka 1994 kwa matumizi ya ndani ya mitandao binafsi, na watengenezaji wengi huzitumia. Makandarasi wawili waweza kuleta mashine mbili zenye anwani ile ile. Ili kupata hakika, chomoa kebo ya kidhibiti kimoja, futa kumbukumbu ya arp katika kompyuta, kisha piga hodi tena. Ukiitikiwa, kuna mwingine mwenye jina hilo. Nusu ya kwanza ya anwani yake ya maunzi kwa kawaida hutambulisha mtengenezaji, na hivyo husaidia kumtafuta. Kebo isichomolewe mtambo ukiwa kazini, wala bila idhini ya mwendeshaji mkuu: kidhibiti chaweza kuendelea na programu yake, lakini chaweza pia kuwa kinategemea kipimo cha jirani.

Nne, uliza kama shida ilianza baada ya umeme kukatika. Vidhibiti vingine hutoka kwa mtengenezaji vikiwa tayari kuomba anwani kutoka kwa kompyuta nyingine kila viwashwapo, kwa kanuni iitwayo BOOTP, ya mwaka 1985, au DHCP, ya mwaka 1993. Fundi hukipa kidhibiti anwani kwa njia hiyo, kazi ikaenda vema, naye akaondoka na kompyuta yake. Umeme ukatikapo na kurudi, kidhibiti huomba anwani, na hakuna wa kukijibu. Dawa yake ni kuzima ombi hilo, kuhifadhi anwani katika kumbukumbu ya kudumu, na kujaribu kwa kuzima na kuwasha kidhibiti wakati kiwanda kimesimama.

Mwisho, kila kiwanda kiwe na daftari moja lenye anwani, kigawanyio, lango na mahali kilipo kila kifaa, na pasiwe na mashine ngeni iunganishwayo kabla ya kuandikwa humo. Katika nchi ambazo umeme hukatika mara kwa mara, daftari hilo na jaribio lile la kuzima na kuwasha ndivyo vitakavyoamua kama uzalishaji utarudi kwa dakika chache au utasubiri fundi kutoka mbali.