Ndimu na jua havirudishi rangi

Kisiwani Bwejuu niliulizwa hata sijamaliza kuitikia salamu: "Daktari, akishapakwa ndimu, akae juani kwa muda gani?" Mama yule hakuuliza kama ndimu inafaa. Hilo lilikwisha amuliwa nyumbani, na majirani, na shangazi aliyeko Kilindoni. Kwangu alitaka kipimo tu, kama mtu anayeuliza vidonge ni viwili kwa siku au vitatu.

Swali hili nimeulizwa mara nyingi mno, kwa hiyo jibu naliandika: asikae hata dakika moja.

Mtoto mwenyewe alikuwa binti wa miaka kama minane. Mbalanga, ambayo hospitalini tunaiandika vitiligo, ilikuwa imemtokea vidoleni na pembeni mwa midomo, nyeupe kama maziwa, mipaka yake imejichora wazi. Hayo hayakunitisha. Kilichonitisha ni mkono wa kushoto. Kutoka kwenye vidole ilishuka michirizi ya malengelenge hadi karibu na kiwiko, myembamba, ikifuata njia ile ile ambayo maji ya ndimu yalichuruzika. Michirizi ya zamani ilikwisha kauka na kuacha weusi. Mama akauwekea kidole ule weusi, uso umemng'aa: "Unaona? Rangi inarudi."

Haikuwa inarudi. Tazama weusi ulikuwa wapi: kwenye ngozi nzima, nje ya baka. Ndani ya baka palikuwa pekundu na pamechubuka, basi.

Ndimu, hasa ganda lake, ina kemikali ziitwazo psoraleni. Kivulini hazina neno. Zikiwa juu ya ngozi na jua likazipiga, zinaunguza. Malengelenge huchukua siku moja hadi tatu kutokea, na ndiyo maana watu hawaishuku ndimu. Wanasema mtoto kaumwa na mdudu, au dawa inafanya kazi. Baadaye ngozi iliyoungua hujitetea kwa kumwaga rangi nyingi zaidi, na weusi huo unaweza kukaa miezi. Lakini kujitetea huko kunahitaji chembe za kutengeneza rangi, na baka la mbalanga halina. Kinga ya mwili, ile ile inayotupigania dhidi ya vijidudu, imezigeukia na kuziua. Ukiliunguza baka unaunguza shamba lisilo na mbegu.

Na si kwamba hupati kitu. Unapata mbalanga zaidi. Ngozi ya mwenye maradhi haya ikijeruhiwa, iwe kwa moto, mkwaruzo au kusuguliwa kwa jiwe, mara nyingi baka jipya huota pale pale palipoumia. Sisi tunaliita jambo hili kwa jina la Köbner, daktari Mjerumani wa karne ya 19. Ile michirizi ya mkono wa binti, ambayo mama aliifurahia, inaweza kugeuka mistari mirefu myeupe. Na ninaposema ndimu, aliyezoea kitunguu saumu, maji ya ganda la korosho au maji ya betri asidhani nimemruka. Ngozi ikishaungua haijali imeunguzwa na nini.

Kuna hoja moja ninayoiheshimu. Watu husema: mbona hata hospitali walitumia mmea na jua? Kweli. Miaka ya 1940 huko Cairo, daktari Abdel Monem El Mofty alianza kutibu mbalanga kwa psoraleni iliyotolewa kwenye mmea unaoota bonde la Nile. Lakini dawa ile ilipimwa kwa miligramu na mwanga ukapimwa kwa dakika, na hata hivyo wapo walioungua. Ndimu yako nani kaipima? Tena, matibabu ya mwanga huamsha chembe za rangi zilizojificha kwenye mashina ya vinyweleo. Ncha za vidole na midomo hazina vinyweleo. Hapo ndipo binti yule alipokuwa na mabaka, na hapo hata mashine ya hospitali hupata shida.

Ile imani ya samaki na maziwa naimaliza upesi. Kula vyote viwili pamoja hakuleti mbalanga, na mtoto wa kisiwani anayenyimwa samaki ananyimwa chakula chake bora.

Yanayofaa ni haya. Vuka uende Hospitali ya Wilaya Kilindoni mapema, maana baka jipya hutibika kuliko la miaka. Krimu ya steroidi hutumika kwa muda uliopangwa, si kila siku mwaka mzima. Usoni mara nyingi takrolimasi ni salama zaidi. Taa maalumu ya miale ya urujuanimno hutaka mara mbili au tatu kwa wiki, kwa miezi, kwa hiyo uliza kuhusu rufaa ya Muhimbili, au KCMC Moshi, ambako tangu 1992 kipo kituo kinachofunza wataalamu wa ngozi. Omba upimwe tezi ya shingo, kwa kuwa maradhi yake mara nyingine huandamana na mbalanga. Kinga mabaka dhidi ya jua: kofia pana ya ukili, mikono mirefu. Mkorogo usiuguse. Na asiyetaka kutibiwa aachwe na ngozi yake, haimdhuru mtu.

Siku ile Bwejuu, watu waliokusanyika walipotawanyika, mama yule akabaki. Akauliza kwa sauti ya chini lile alilokuwa nalo tangu mwanzo: je, si ukoma? Akakiri kuwa binti ana sahani yake peke yake, na kikombe chake. Nikamwambia mbalanga haiambukizi hata kidogo, na kwamba hata ukoma una dawa, tena ya bure. Kisha nikachukua pamba, nikaisokota ncha ikawa nyembamba kama uzi, nikamwambia binti afumbe macho na aonyeshe kila ninapomgusa. Baka la ukoma mara nyingi hufa ganzi, na weupe wake ni wa kufifia, si huu wa maziwa.

Nikamgusa begani. "Hapa." Nikamgusa shavuni. "Hapa." Nikamgusa katikati ya weupe wa kidole, taratibu kiasi kwamba mimi mwenyewe sikuwa na hakika kama pamba imefika.

"Hapa," akasema, na kukikuna.