Masika pwani: ufukwe upi upeleke wageni, na mwezi gani

Kila mwaka mvua za masika zinapokaribia, wenye Noah, Kosta na mabasi madogo ya kukodi wanaohudumia wageni kati ya Kenya na Tanzania huulizwa swali lile lile: "Huko pwani kunanyesha?" Wengi hujibu ndiyo au hapana, kisha huchukua malipo ya awali. Jibu la namna hiyo ndilo huzaa ugomvi baadaye. Pwani yetu kutoka Lamu hadi Mtwara, ukifuata ukingo wa bahari, ni zaidi ya kilomita 1,000, na mvua hainyeshi kote kwa wakati mmoja.

Biashara hii si ndogo. Mbali na watalii wa kutoka Ulaya, kuna vikundi vya semina, familia zinazofuata sikukuu ya Pasaka, harusi, kwaya na wanafunzi kutoka Nairobi, Arusha, Kampala hata Kigali. Sehemu kubwa ya safari hizo huangukia Machi hadi Mei, yaani katikati ya masika. Msafirishaji anayejua kuchagua ufukwe kwa kufuata mwezi anaweza kufanya kazi kipindi chote hicho. Asiyejua hurudisha fedha za watu, au gari lake hukaa kwenye foleni ya daraja lililokatika.

MVUA HUTEMBEA

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba ukanda wa mvua huhama ukilifuata jua. Jua linapovuka ikweta kuelekea kaskazini mwishoni mwa Machi, mvua nazo hupanda kutoka kusini kwenda kaskazini, zikichelewa kidogo nyuma yake.

Kwa hiyo Mtwara na Lindi wana msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza karibu na Desemba na kumalizika Aprili. Huko hakuna vuli na masika kama wanavyozijua watu wa Tanga. Dar es Salaam, Bagamoyo na Unguja masika huanza Machi na kilele chake ni Aprili, mwezi ambao Dar es Salaam kwa kawaida hupata zaidi ya milimita 200. Tanga na Pemba mvua kubwa huwa Aprili na Mei. Mombasa mwezi wa mvua nyingi kuliko yote ni Mei, nayo pia huvuka milimita 200. Malindi na Lamu kilele ni Mei, na manyunyu huweza kuendelea hadi Juni.

Maana yake kwa mwenye gari ni hii. Wateja wa nusu ya kwanza ya Machi wapelekwe kaskazini: Diani, Watamu, Lamu. Huko bado ni kukavu na joto ni kali, wakati Mtwara barabara za vijijini ni tope tupu. Mei mambo hugeuka. Wakati Mombasa inalowa, Mtwara na Mikindani jua limekwisha kutoka, majani bado ya kijani na vumbi halijaanza. Ni ajabu kwamba wasafirishaji wengi wa Kenya na Arusha hawajawahi hata kuutaja mkoa huo kwa wateja wao wa Mei. Juni, Unguja na Dar es Salaam huwa na hewa nzuri kuliko miezi mingi ya mwaka, baridi ya asubuhi kidogo na mvua chache.

Aprili ndiyo ngumu. Hakuna ufukwe unaoweza kuuahidi kwa uhakika mwezi huo. Anayelazimika kusafiri aelezwe ukweli: kwamba mvua ya pwani mara nyingi huwa nzito usiku na alfajiri, mchana jua likatoka kwa saa kadhaa, lakini pia kuna siku inanyesha kutwa. Kundi la semina linalokaa ukumbini halidhuriki sana na hilo. Maharusi wanaotaka picha za ufukweni wanadhurika.

Kwa Unguja kuna tofauti nyingine ndani ya kisiwa chenyewe. Upande wa mashariki na kusini-mashariki, kule Paje, Jambiani na Makunduchi kwenye ardhi ya mawe, hupata mvua pungufu kuliko upande wa mjini na magharibi. Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja, ndiyo maana ni ya kijani na mikarafuu inastawi. Mteja wa Aprili anayesema "visiwani popote" asipelekwe Pemba kwa sababu tu bei ya chumba ni nafuu.

Mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, kwa kawaida ni nyepesi na hazipaswi kumzuia mtu. Lakini mwaka wa El Niño vuli hugeuka kuwa masika ya pili. Mwishoni mwa 2023 ilikuwa hivyo: mafuriko yaliharibu barabara nyingi za Kenya, na ile ya Garsen kwenda Lamu ilifunikwa na maji eneo la Lango la Simba.

UPEPO NA MAJI

Mvua inaweza kuwa imekwisha na bado bahari isifae. Kuanzia Aprili hadi Septemba pwani yote huvumiwa na kusi, upepo unaotoka kusini. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Kati ya pepo hizo mbili kuna kipindi cha utulivu ambacho wavuvi hukiita tangambili, na hicho ndicho kizuri kuliko vyote kwa safari za boti ndogo na kwa wanaopenda kuzamia.

Kusi hupiga moja kwa moja fukwe zinazotazama mashariki na kusini. Wakati huo Kendwa, iliyo upande wa kaskazini-magharibi wa Unguja, huwa imekingwa na kisiwa chenyewe, na maji yake hayakupwi mbali kama ya mashariki. Paje kwa upande wake hupendwa na wanaocheza na tiara za baharini, kwa hiyo upepo huo huo ulio kero kwa mmoja ni biashara kwa mwingine. Muulize mteja anataka kufanya nini kabla hujamchagulia.

Kusi kikali huwa Juni na Julai, baada ya mvua kupungua, na watu wa bara hudhani hatari imekwisha. Meli ya MV Skagit ilizama tarehe 18 Julai 2012 ikitoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar, bahari ikiwa imechafuka kwa upepo, na zaidi ya watu 100 walikufa au kupotea. Haikuwa siku ya mvua kubwa. Nahodha wa jahazi au mashua akikuambia leo hatoki, usimwongezee fedha ili atoke.

Wanaopeleka samaki hotelini nao wajue kwamba siku za kusi kikali wavuvi wa mashua ndogo hawaendi mbali, samaki huwa wachache sokoni na bei hupanda. Mkataba wa bei moja mwaka mzima utamuumiza mmoja wenu.

ANGALIA MTO KABLA YA UFUKWE

Hili halizungumzwi sana, nalo lingeokoa malalamiko mengi. Mvua zinaponyesha bara, mito hushuka na udongo hadi baharini, na ufukwe ulio karibu na mlango wa mto hubadilika rangi hata kama pale penyewe jua linawaka. Mto Sabaki, ambao juu unaitwa Athi na Galana, humwaga tope jekundu karibu na Malindi. Msimu wa mvua maji ya ghuba ya Malindi huwa ya kahawia. Watamu iko kilomita chache tu kusini yake na huwa na maji safi zaidi. Mteja aliyeona picha za maji ya buluu akafikishwa Malindi mwezi wa Mei atadhani ametapeliwa.

Hali ni hiyo hiyo Pangani, mji ulio mdomoni mwa mto wa jina hilo, na Saadani karibu na mto Wami. Rufiji humwaga maji yake kuelekea Mafia, na hoteli nyingi za kisiwa hicho hufungwa kabisa Aprili na Mei. Diani, Nungwi, Kendwa na Paje hazina mto mkubwa karibu, na kwa msimu wa mvua hiyo ni sifa kubwa kuliko idadi ya nyota za hoteli.

NJIA NA MPAKA

Ufukwe mzuri usiofikika hauna faida. Njia ya Mombasa, Lunga Lunga, Horohoro hadi Tanga ni ya lami na ndiyo rahisi zaidi kwa anayevusha wageni pwani kwa pwani. Kutoka mpakani Horohoro hadi Tanga mjini ni kama kilomita 65. Kituo hicho ni cha pamoja, ukaguzi wa nchi zote mbili hufanyika upande unaoingia. Kwa anayetoka Nairobi kwenda Diani, barabara ya Dongo Kundu sasa inamwezesha kufika pwani ya kusini bila kusubiri kivuko cha Likoni, na siku ya mvua hilo ni jambo kubwa.

Njia ya kusini ndiyo yenye wasiwasi. Dar es Salaam hadi Lindi ni kama kilomita 450, na barabara ni moja tu: Kibiti, Ikwiriri, daraja la Mkapa juu ya Rufiji, Somanga, Nangurukuru. Ikikatika hakuna ya pembeni, labda uzunguke kupitia Songea, nao ni mzunguko wa siku nzima na zaidi. Kimbunga Hidaya kilipofika karibu na Mafia tarehe 4 Mei 2024, mvua zake zilikata barabara hiyo wilayani Kilwa, Somanga ikiwemo, na malori na mabasi yakakwama siku kadhaa. Boti za Dar es Salaam na Zanzibar nazo zilisitisha safari. Vimbunga ni nadra kufika kwetu kwa kuwa tuko karibu na ikweta, ila Kenneth ya Aprili 2019 ilipita jirani tu, kaskazini mwa Msumbiji. Kwa hiyo ninapoisifu Mtwara ya Mei, naisifu kuanzia katikati ya mwezi, na mwenye kundi la watu wazima wenye uwezo ni afadhali awapandishe ndege hadi Mtwara akodi gari kule kule.

Kuhusu mpaka, wengi bado wanakwama kwa jambo lisilo la mvua. Kwa makubaliano ya utalii ya 1985 kati ya Kenya na Tanzania, magari ya watalii ya nchi moja hukabidhi wageni katika vituo vilivyotajwa badala ya kuwaingiza hadi kwenye vivutio vya nchi nyingine. Basi lenye leseni ya njia ni suala tofauti. Mwenye Kosta ya kukodi awe na mwenzake upande wa pili kabla hajapokea fedha, na wapange saa ya kukutana. Wageni kusubiri kwenye mvua na mabegi yao ni aibu isiyo na sababu.

Halafu kuna kadi mbili za njano ambazo madereva wapya huzichanganya. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, ni ya mtu. Nyingine ni ya bima ya gari, ile inayoitwa Kadi ya Njano ya COMESA, na Tanzania huitambua ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Msimu wa mvua ajali ni nyingi, na gari la kigeni lisilo na hiyo ya pili huwa na kazi kubwa polisi.

BEI NA MALIPO YA AWALI

Hoteli nyingi za pwani hushusha bei Aprili hadi Juni, nyingine hufunga milango kwa ukarabati, hasa Watamu na mashariki ya Unguja. Piga simu kwanza uulize kama jiko, bwawa na boti vinafanya kazi, maana hoteli inaweza kuwa wazi vyumba tu. Punguzo halina maana kama wageni watakula mjini kila siku kwa gharama ya mafuta yako.

Malipo ya awali yaandikwe masharti yake kwa Kiswahili kinachoeleweka: nini kitatokea boti ikizuiwa kutoka, nani analipa usiku wa ziada barabara ikikatika, na kama safari inaweza kusogezwa mbele badala ya kufutwa. Wateja wengi hukubali kusogeza wiki moja au mbili wakiambiwa mapema. Wanaokasirika ni wale wanaoambiwa wakiwa Segera.

Utabiri hupatikana bure. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa za siku tano zenye ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Angalizo la mvua kubwa maana yake nenda lakini uwe na njia nyingine. Tahadhari ya upepo mkali na mawimbi maana yake safari ya boti isogezwe. Tahadhari kubwa ikitolewa, gari libaki lilipo. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya nayo hutoa utabiri wa wiki kwa kaunti za pwani, na anayevuka Horohoro asome zote mbili, kwa kuwa mvua iliyo Tanga Jumatatu inaweza kuwa Kwale siku hiyo hiyo.